Visogo vya Sijaona

Msiniulize ni nchi gani, maana hata wenyeji wake hawapendi kuulizwa. Ni nchi nzuri. Ina amani nyingi kiasi kwamba nyingine imebidi ihifadhiwe kwenye maghala ya jeshi, na serikali yake inapenda sanaa kupita kiasi. Ushahidi upo: Wizara ya Utamaduni, Tabasamu na Mwonekano wa Taifa imejengewa ghorofa nane, na katika ghorofa zote nane hutakuta picha yoyote ya kupotosha mtu. Ipo moja tu, ya Baba Mlezi wa Taifa, na hiyo imepigwa kwa kamera ili mkono wa msanii usije ukaongeza maoni yake.

Katika nchi hiyo aliishi mjane mmoja aitwaye Mwajabu Sefuko, mwalimu wa kuchora. Alifundisha kuchora mpaka siku Wizara ya Elimu ilipogundua kwamba mtoto anayechora hutazama kitu kwa muda mrefu mno, na hivyo kuchelewesha ratiba. Somo likafutwa. Mwajabu akarudi nyumbani na boksi la chaki za rangi na hasira ambayo haikuwa na mahali pa kwenda. Mwisho akakodi jengo lililokuwa kiwanda cha barafu, akalipaka chokaa, akaning'iniza taa, akalifanya nyumba ya maonyesho ya picha. Akaiita Nyumba ya Kwanza, kwa kuwa alipokea kazi za watu ambao hawajapata kuonyesha kazi zao popote.

Mtu wa kwanza kuingia alitaka barafu. Wa pili aliuliza ibada inaanza saa ngapi, maana jengo jeupe lisilo na bidhaa ndani lingekuwa nini kama si kanisa. Mwajabu aliwakaribisha wote wawili. Yule wa barafu alikaa mbele ya picha ya mwanamke anayefua mpaka jioni ikaingia, akaondoka bila barafu, na Jumapili iliyofuata akarudi na mkewe. Kwa ajili ya watu kama hao Mwajabu alivumilia mengi, na katika nchi ile kulikuwa na mengi ya kuvumilia.

*

Mwajabu alimpata saluni msanii aitwaye Sijaona. Alikwenda kusukwa, akaketi kwenye stuli, na kwenye kioo akaona kipande cha plaiwudi kimeegemezwa ukutani nyuma ya ndoo ya maji. Kilikuwa kimechorwa kisogo cha mwanamke: mistari ya nywele, shingo, mkunjo mmoja chini ya sikio, ukosi wa blauzi uliofifia. Hakukuwa na uso, na bado Mwajabu alimtambua papo hapo yule mama wa maandazi wa pale stendi. Akainuka kwenda kukitazama kwa karibu, akasahau kwamba kichwa chake kimesukwa nusu tu.

Msusi mwenyewe ndiye aliyekichora. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, mwembamba, mwenye kuongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye karibu na sikio la mwenzake, na kwa kazi yake kweli ndipo alipokuwa siku nzima. Alieleza kwamba anachora visogo kwa sababu ndivyo anavyoviona. Mteja akishakaa husema mambo yake yote akiwa ameangalia mbele, na wakati mwingine mabega husema yale ambayo mdomo umeyaruka. Alikuwa navyo kumi na viwili, vimefichwa nyuma ya kabati la mafuta ya nywele. Mama yake alikwishamwambia kwamba mtu anayechora visogo ameishiwa na watu.

Mwajabu alimwambia kwamba hivyo kumi na viwili vitakaa ukutani mwezi ujao, kwenye Nyumba ya Kwanza, na jina lake litaandikwa mlangoni. Sijaona alimrudisha kwenye stuli, akamgeuza kichwa taratibu, akaendelea kusuka.

Habari zikaenea kwa wateja wa saluni kwamba watatundikwa. Wakaanza kushona nguo za siku ya ufunguzi.

*

Kwa mujibu wa sheria, maonyesho yoyote lazima yakaguliwe kwanza na Afisa Ukaguzi wa Maana. Wa wilaya ile aliitwa Hemedi Tunzo, mtu mpole, msafi, mwenye tepu ya kupimia mfukoni na sauti ya mtu anayekuja kutoa pole. Alikunywa chai, akamsifu Mwajabu kwa usafi wa sakafu, akaanza kupita picha moja moja, akiipima kila moja kwa tepu.

Alipouliza jina la msanii akaambiwa ni Sijaona, alitafakari kidogo, akasema kwamba mtu ambaye hajaona angefaa asubiri aone kwanza ndipo achore. Mwajabu akamweleza kwamba ni jina tu, alipewa na bibi yake. Tunzo akakubali kulipita jambo hilo. Kwenye picha ya tano akasoma kibao: "Twende Kilioni." Akauliza kwa upole nani amefariki, na kwa nini Wizara haijaarifiwa. Mwajabu akamweleza kwamba twende kilioni ni msuko, kila mwanamke mjini anaujua, hata mkewe Tunzo huenda anausuka. Tunzo akasema hana uhakika mkewe anasuka nini, ila taifa liko katika kipindi cha furaha, kwa hiyo picha hiyo iitwe "Twende Harusini."

Hayo yote yangepita. Balaa lilikuja alipogeuka kuweka kikombe mezani, akaona ukuta wa upande wa pili. Pale, kama sheria inavyotaka katika chumba chochote kinachoweza kuingia watu zaidi ya watatu, ilining'inia picha ya Baba Mlezi, akitabasamu. Tunzo akamtazama Baba Mlezi. Akazitazama zile picha kumi na mbili zinazomwelekea. Akakitua kikombe kama anayetua yai.

"Mwalimu," akasema, "hawa wanawake wanampa nani kisogo?"

*

Kamati ya Mwelekeo iliundwa mara moja, wajumbe wake wakiwa wataalamu watupu: mmoja wa upimaji ardhi, mmoja wa itifaki, mmoja wa falsafa, na mmoja aliyekuwa nahodha wa meli za jeshi hadi meli ilipozama. Walikuja na dira. Walisimama katikati ya chumba, wakabishana siku nzima.

Mtaalamu wa itifaki alisema picha zihamishiwe ukuta ule ule wa Baba Mlezi, ili zisimwelekee. Mwanafalsafa akaonya kwamba hapo Baba Mlezi atakuwa amewageukia wananchi peke yake, huku wanawake kumi na wawili pembeni yake wakiwapa wananchi visogo, na mtu wa nia mbaya atauliza wana ugomvi gani. Mpimaji ardhi akapendekeza picha zilazwe sakafuni, ikaonekana kwamba hapo wanawake watakuwa wameinamia udongo, jambo linaloashiria mazishi. Nahodha alitaka zining'inizwe darini. Mwajabu alikuwa amesimama mlangoni, na mara tatu alifungua mdomo kusema kwamba mtu aliyechorwa hawezi kuona kilichoko nyuma ya mtazamaji. Mara zote tatu aliombwa asivuruge kikao cha kitaalamu.

Karibu na jioni karani wa kamati, akiwa amechoka, aliuliza kwa nini wasiihamishe tu picha ya Baba Mlezi. Kikao kilipoendelea kesho yake, kulikuwa na karani mwingine.

Uamuzi wa mwisho ulitolewa na Mkurugenzi wa Sanaa mwenyewe, Dakta Balthazari Ngwindi. Aliwahi kuandika mashairi ujanani, na tangu hapo hakuwa amemsamehe mtu yeyote anayeendelea. Alimwita Mwajabu ofisini, ghorofa ya nane, akamwambia kwamba serikali haina chuki na vipaji vinavyochipukia. Kinyume chake, serikali inataka vichipukie upande sahihi. Suluhisho ni jepesi. Binti awageuze. Hao wanawake waangalie huku, waonekane nyuso, taifa lijue wanaridhika. Asipowageuza, Nyumba ya Kwanza itafungwa, na wasanii wote walio kwenye foleni watafute mahali pengine pa kuchipukia.

Foleni ilikuwepo. Kulikuwa na mfinyanzi aliyesubiri tangu mwaka uliopita, mseremala aliyechonga viti visivyokalika, ndugu wawili waliopiga picha za madirisha. Mwajabu aliwaza juu yao njia nzima, akishuka ngazi za ghorofa nane kwa miguu, kwa sababu lifti ilikuwa ya viongozi.

*

Alimkuta Sijaona anafunga saluni. Akajitahidi kueleza kwa maneno mazuri. Alisema si kwamba picha ni mbaya. Alisema wakati mwingine mtu hukubali kidogo ili apate kikubwa, kwamba visogo vingebaki kwenye mbao zile na nyuso zingechorwa kwenye nyingine, kwamba msanii mchanga akijulikana kwanza baadaye huchora atakacho. Kadiri alivyosema ndivyo alivyojisikia akiongea kama Dakta Ngwindi, na ndivyo alivyozidi kuongea ili asijisikie.

Sijaona alikuwa anakunja taulo. Alipomaliza ya mwisho akauliza, "Mwalimu, wewe unataka nini?"

"Nataka mlango ubaki wazi, mwanangu."

"Basi nitawageuza," akasema Sijaona.

Mwajabu alikuwa amepata alichokitaka, na alirudi nyumbani kwa njia ya mbali, asije akakutana na mtu wa kumpongeza.

Baada ya majuma machache Sijaona alileta mbao sita. Hakuwa amechora kwa kubuni. Alisema msusi huona nyuso pia, kwenye kioo, pale mteja anapodhani hatazamwi. Kulikuwa na mwanamke aliyefumba macho kwa maumivu ya nywele kuvutwa. Kulikuwa na aliyesinzia mdomo wazi. Wa tatu alikuwa macho kabisa, anatazama mbele, machozi yamefika nusu ya shavu, na hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa chini ya kitambaa. Ilikuwa kazi nzuri kuliko ile ya kwanza, na Mwajabu alijua tangu alipoiona kwamba haitapita.

Dakta Ngwindi alikuja na Tunzo. Alitembea mbele ya nyuso zile sita, akageuka, akarudi, akavua miwani. Akauliza mbona wanamtazama hivyo. Mwajabu akasema hawamtazami yeye, wanajitazama kwenye kioo. Akauliza tabasamu liko wapi. Akajibiwa kwamba mtu anayesukwa nywele kwa saa nne hatabasamu.

Tunzo hakuwa anasikiliza. Alikuwa amesimama mbele ya yule wa machozi, na tepu yake imening'inia mkononi.

"Huyu ni mke wangu," akasema.

Dakta Ngwindi akajifanya hakusikia. Tunzo akamgeukia Sijaona, aliyekuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, akamwuliza lini ilikuwa hiyo, na mkewe alikuwa na nini siku hiyo. Aliuliza kwa ile sauti yake ya pole, lakini sasa ilikuwa kama inaomba kupewa pole yeye. Sijaona akasimama kwa heshima, akamwambia kwamba mambo ya wateja wake hayatoki kwenye kiti. Kisha akasema kitu kingine, na sidhani alikisema kwa ubaya. Alisema, "Hata kwenye vile visogo yumo, Bwana Tunzo. Ulimpima."

*

Kesho yake Wizara iliagiza nyuso ziondolewe na visogo virudishwe. Msidhani serikali ilikosea mwanzo. Serikali ile haijapata kukosea. Dakta Ngwindi alieleza kwamba utafiti mpya umefanyika, na umebaini kuwa wanawake wale hawampi mtu kisogo. Wanafuata. Baba Mlezi yuko mbele yao, mbali kidogo, ndiyo maana haonekani, nao wako nyuma yake wanatembea kwa utii kuelekea maendeleo. Kilichokosekana tangu mwanzo ni kichwa cha habari tu. Maonyesho yataitwa "Tunakufuata Baba," na Naibu Waziri mwenyewe atayafungua.

Vibao vya misuko vikatolewa. Mlangoni jina la Sijaona likabaki, ila kwa herufi ndogo, chini ya jina la Dakta Ngwindi aliyetajwa kuwa Mlezi wa Wazo. Mwajabu alikuwa amechoka kupigana. Alimwambia Sijaona kwamba angalau picha ni zile zile, ukutani ni pale pale. Sijaona akasema ndiyo, Mwalimu, kwa namna ambayo wanafunzi husema ndiyo.

Siku ya ufunguzi wateja wa saluni walifika na nguo zao mpya, nywele zimesukwa upya, wakawekwa nyuma ya kamba. Mbele walikaa waheshimiwa. Bendi ya polisi ilipiga. Mama yake Sijaona alikuwepo, amevaa viatu vinavyombana, akitazama ukuta kama mtu anayewaona jirani zake kwa mara ya kwanza.

Naibu Waziri alikuwa mtu mnene mwenye furaha, aliyependa kusikia sauti yake katika chumba chenye mwangwi, na kiwanda cha barafu kina mwangwi mzuri. Alisema katika nchi nyingine kisogo ni nyuma, lakini katika nchi yetu kisogo ni mbele, kwa sababu anayemfuata kiongozi hutanguliza uso wake na kutuachia sisi kisogo, ambacho ni ishara ya imani. Alisema kuna nchi ambazo wananchi wake hawana visogo kabisa. Akapigiwa makofi. Akasema anataka kumsikia msanii kijana, binti wa taifa, atueleze kwa maneno yake mwenyewe hawa akina mama wanakwenda wapi.

Sijaona alisogezewa kipaza sauti. Akawatazama wanawake waliokuwa nyuma ya kamba, nao wakamtazama.

"Hawaendi popote, Mheshimiwa," akasema. "Wamekaa. Wanasukwa."

Mtu mmoja nyuma ya kamba alicheka, na kicheko kikapaa darini, kikarudi kikiwa kikubwa zaidi. Dakta Ngwindi alikuwa amekwisha simama. Naibu Waziri, ambaye hakuwa mtu mbaya na alitaka kwenda kula, aliinua mkono kutuliza, akasema kwa upole kwamba vijana hawajui kazi zao zina maana gani, ndiyo maana kuna walezi. Akamgeukia Mwajabu.

"Mwalimu, wewe ni mtu mzima. Tusaidie. Wanakwenda wapi?"

Mwajabu alijua jibu linalotakiwa, neno moja tu, na hata halikuhitaji kuwa refu. Aliwaza juu ya mfinyanzi na mseremala na wale ndugu wawili wa madirisha. Aliwaza juu ya yule wa barafu. Kisha akamwona Sijaona, hakuwa anamwangalia kwa lawama wala kwa kumwomba. Alikuwa amekwisha elekeza macho yake chini, kama mtu anayejua atakachosikia. Hilo ndilo lililomchoma.

"Wamekaa, Mheshimiwa," akasema Mwajabu. "Wamekaa tu. Wamechoka."

Bendi ikaamriwa kupiga.

*

Nyumba ya Kwanza ilifungwa kwa sababu za kiufundi. Wizara ilieleza kwamba jengo limebainika kuwa na baridi, kutokana na historia yake ya barafu. Picha hazikuwa na kosa, kwa hiyo zilitaifishwa: zingepelekwa kwenye ukumbi wa wageni mashuhuri uwanja wa ndege, chini ya kichwa chake kile kile, ili kila mgeni anayetua ajue jinsi wananchi wanavyofuata. Sijaona hakukamatwa, kwa sababu katika nchi ile hawakamati wasanii. Alizuiwa kuchipukia kwa muda usiojulikana. Alirudi kwenye kiti chake saluni. Foleni ya wateja ikawa inatoka nje mpaka kwa muuza mkaa, na waliokuja walimwomba wote, kila mmoja kwa sauti ya chini, awatazame vizuri.

Mwajabu aliambiwa awepo asubuhi lori litakapokuja. Jana yake alikuwa amekwenda kwa mfinyanzi kumweleza kwamba zamu yake haitafika. Mfinyanzi hakulalamika, alimpa mtungi, na Mwajabu akaubeba mpaka nyumbani akiwa na hasira ambazo hakuweza kumshushia mtu yeyote aliyekutana naye njiani, maana wote walikuwa watu wema.

Aliyetumwa kuja na kufuli na lakiri alikuwa Tunzo. Alifika kabla ya lori. Akamsalimia, akaomba radhi kwa usumbufu, akauliza kama anaweza kuingia mara ya mwisho kukagua. Mwajabu akamwambia jengo ni lao, aingie.

Hakukagua. Alisimama mbele ya kisogo cha kwanza, akakitazama sana. Akaenda cha pili. Akarudi cha kwanza. Alikuwa ameinamisha kichwa pembeni, kama watu wanavyofanya wanapojaribu kukumbuka jina. Mbele ya cha nne alinyoosha kidole kuelekea mkunjo wa shingo, akakirudisha. Alikuwa ameoa miaka kumi na tisa.

"Mwalimu," akasema bila kugeuka, "binti alikwambia ni yupi?"

Sijaona alikuwa amemwambia. Mwajabu angeweza kunyoosha mkono pale pale alipokuwa. Akamtazama yule mtu na kufuli lake, na tepu iliyochungulia mfukoni, akahisi hasira yake yote, ya somo lililofutwa na kamati na dira na ngazi za ghorofa nane, imepata hatimaye mahali pa kwenda. Na papo hapo akaona kwamba pahali penyewe ni padogo mno, hapatoshi.

"Nenda nyumbani ukamtazame," akasema.

"Hayupo nyumbani," akasema Tunzo. "Yuko saluni."

Mwajabu akaketi kwenye benchi. Tunzo akahamia kisogo cha tano, kisha cha sita. Lori lilipopiga honi nje, alikuwa amefika cha saba, kufuli mkononi, na bado hakuwa amemwona.